Waya Usiolala

Jambo la kwanza lilikuwa dogo, tena lilionekana la heri: betri haikushuka.

Mtu asiyejua magari angesema ni bahati. Fundi Cheche hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia, hasa likija suala la betri. Alikuwa fundi umeme wa magari, kazi iliyomzeesha, na jina la Cheche alipewa na mafundi wenzake siku alipokutanisha nyaya mbili zisizopatana akaunguza nyusi zake mwenyewe. Alijua kwamba simu ikiachwa kwenye chaja ya gari lililozimwa, usiku na mchana, wiki kwa wiki, betri hunyonywa kidogo kidogo mpaka siku unazungusha ufunguo na kuambulia mlio mmoja tu, tk, basi. Gari lake lilikuwa limesimama uani tangu siku za maziko. Simu ilikuwa humo ndani kwenye kishikio, ikichajiwa muda wote. Lakini alipofungua boneti asubuhi ile na kugusisha taa yake ya kupimia, taa iliwaka nyeupe, kali kuliko inavyowaka kwenye betri iliyotoka dukani. Akapima mara ya pili. Kisha akafunga boneti akabaki amesimama, maana hakuwa na mtu wa kumsimulia jambo hilo bila kugusa lile lingine.

Lile lingine lilikuwa binti yao, yeye na mke wake.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, na jina alilozaliwa nalo lilishasahaulika hata na majirani. Wote walimwita Chiriku, kwa sababu alianza kusema kabla hajajua kutembea na hakupumzika tangu hapo. Alikua akawa mshonaji wa sare za shule. Alishona kwenye chumba cha mbele, cherehani ikinguruma na yeye akisimulia kwa sauti iliyoishinda ngurumo hiyo, mama yake akikata vitambaa na kuitikia. Baba yake alizoea kusema kwamba nyumba ile redio ingekuwa hasara. Na jambo lolote aliloanza kulisimulia Chiriku alilimaliza. Ukinyanyuka katikati ya hadithi yake alikufuata mpaka jikoni akupe mwisho wake, upende usipende.

Sare zilipokuwa tayari alizipeleka mwenyewe kwa wateja wa miji ya mbali, kwa gari la baba yake. Simu ndiyo ilikuwa ramani yake, na ndani ya gari lile hapakuwa na pa kuichaji, kwani tundu la kuwashia sigara lilishakufa zamani. Akamwomba baba amfungie kishikio cha simu na chaja. Baba hakuwa mchoyo. Alinunua kishikio kizuri, chenye mikono miwili inayobana simu kwa chemchemi, na chaja yake, akaviweka kwenye rafu ya karakana ndani ya boksi. "Kesho," alisema. Kila alipokumbushwa jibu lilikuwa hilohilo, kesho. Alikuwa ameshafunga vitu hivyo kwenye magari ya nusu ya mji, ya walimu, ya wauza mayai, hata gari la kubebea maiti, na gari lake mwenyewe lilikuwa halina. Mganga hajigangi, alijitetea huku akicheka. Chiriku akamjibu kwamba hata kinyozi hajinyoi, lakini angalau humtafuta kinyozi mwenzake.

Siku moja mvua ilimkuta njiani. Jioni hiyo simu iliita nyumbani, mama akapokea. Chiriku alieleza kwamba maji yamefunika daraja, ameelekezwa njia nyingine asiyoijua, ramani imekula chaji yote, na sasa ameegesha kando ya barabara, amewasha taa za dharura, mama asiwe na wasiwasi. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Halafu akasema, "Mama, nilitaka kukuambia..." na simu ikazima.

Waliomkuta walisema alikuwa anavuka barabara kufuata mwanga wa duka, pengine akaombe pa kuchajia simu, na lori halikumwona ndani ya mvua. Gari lilikuwa pale alipoliacha, milango imefungwa, taa za dharura zikiendelea kupepesa, tik, tak, tik, tak, na likarudishwa nyumbani bila hata mkwaruzo. Kwa fundi jambo hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote. Angeliona limepondeka angeweza kulichukia.

Baada ya maziko, wageni walipoanza kupungua, alikwenda karakana akalishusha lile boksi rafuni. Hakumwambia mtu anafanya nini, na wala yeye mwenyewe hakujua. Alilala chali chini ya usukani akaanza kutafuta moto, yaani waya wenye umeme, wa kuunga chaja. Mke wake alikuja akiwa na simu ya marehemu mkononi, kioo kimepasuka pembeni, akachukua tochi akammulikia bila kuulizwa.

Chini ya dashibodi ya gari kuna moto wa aina mbili. Upo ule unaopitia swichi, unaokuja ukiwasha gari na kuondoka ukizima. Na upo ule unaotoka kwenye betri moja kwa moja, saa zote, gari liwe limewashwa au limezimwa. Cheche aliuita waya usiolala. Kwa kila mteja yeye alirudia neno moja: chaja huungwa kwenye swichi, maana kitu kisicho na pa kuzimiwa mwisho wake ni balaa. Hakuwahi kuvunja kanuni hiyo. Siku ile tayari alikuwa ameshika waya wa swichi vidoleni mke wake aliposema kwa sauti ndogo, "Isizime tena."

Fundi aliuachia waya ule, akauchuna ule mwingine. Alipomaliza kuunga, mke wake ndiye aliyechukua tepu nyeusi akaizungusha kwenye kiungo, mara nyingi, kwa utaratibu, namna alivyokuwa akipinda upindo wa sare. Wakaibana simu kwenye kishikio. Kitaa chekundu cha chaja kikawaka. Walikaa wote wawili kwenye viti vya mbele wakakitazama, na ilikuwa mara ya kwanza kulia pamoja.

Hapo ndipo betri ilipoanza kukataa kushuka.

Mke wa fundi akaanza kwenda kukaa garini. Mwanzoni ilikuwa mchana kidogo, baada ya kuosha vyombo. Cheche hakumzuia. Kila mtu ana mahali pake pa kuweka uchungu, alijisemea, na mahali pa mwenzake ni pale. Kisha ikawa mchana kutwa. Sare zilizokatwa zikabaki zimekunjwa juu ya cherehani, wenye sare wakawa wanakuja wanarudi, na chungu jikoni kikaungua mpaka moshi ukawatoa majirani. Alipomwambia mke wake kwa upole kwamba gari lile kwenye jua kali ni tanuri, atakuja kuzimia, mke alimwangalia kama mtu aliyeambiwa jambo la mji asioujua. "Mle kuna baridi," alisema.

Na kweli. Siku moja jua likiwa utosini fundi alirudi kuchukua koleo alilolisahau, akapita karibu na gari, akaona vioo vyote vimefanya ukungu kwa ndani. Harufu ikamfikia kabla hajagusa mlango, harufu ya lami iliyonyeshewa sasa hivi, wakati uani vumbi lilikuwa linaruka na mvua haikuwa imedondoka tangu mwezi ule mbaya. Akasogea. Ndani alisikia tik, tak, tik, tak. Ufunguo wa gari ulikuwa mfukoni mwake. Akaushika kuhakikisha, na ulikuwepo. Taa za nje hazikuwaka hata moja, lakini mlio uliendelea kwa utaratibu wake, na chini ya mlio ule mtu alikuwa anasema.

"Mama, nilitaka kukuambia..."

"Sema, mwanangu," alijibu mke wake. "Mama yako anakusikiliza. Sema."

"Nilitaka kukuambia, mama..."

Ile ilikuwa sauti ya Chiriku, na haikuwa sauti iliyorekodiwa, kwani ilisita pale mama aliposita, ikavuta pumzi, ikaanza upya. Alitamani kukimbia, na alitamani kuingia ndani aketi nayo, na matamanio hayo mawili yalikuwa na nguvu sawa. Akaufungua mlango kwa nguvu. Tik-tak ikakatika. Joto la mchana likaingia, ukungu ukayeyuka, na simu ilikuwa pale kwenye kishikio, kioo chake cheusi kimepasuka pembeni, kitaa chekundu chini yake.

Mke wake hakupiga kelele. Aligeuka taratibu, akamwambia kwa kunong'ona, na kunong'ona kule kulimuumiza kuliko tusi, "Umemkata. Alikuwa anakaribia kumaliza, umemkata tena."

Usiku huo mke wake alimweleza yote, uso wake ukiwa umegeukia ukutani. Sauti ilikuja siku ya tatu baada ya kufunga chaja. Kila siku inaanza pale simu ilipozimia, na kila siku inaongeza kidogo, neno moja, nusu neno. Imeshafika karibu sana. Anachotaka ni kusikia mwisho wake tu, kisha atarudi jikoni, atashona, atakula. Fundi alimsikiliza akauona mkono wake juu ya shuka. Pete yake ya ndoa alikuwa ameizungushia uzi ili isimdondoke. Hakujua ni lini mwenzake alikuwa amekonda kiasi hicho, na aibu ikamshika.

Asubuhi alimwacha amelala akaenda kwenye gari na mkoba wake wa vifaa, akiwa amejipa moyo kwamba umeme ni umeme. Alichomoa fyuzi. Kitaa chekundu hakikuzima. Akadhani amekosea fyuzi, akazichomoa zote, akazipanga kwenye kofia yake. Kitaa kikaendelea kuwaka. Akafungua boneti, akalegeza vichwa vya betri, akaibeba betri yenyewe kifuani mpaka karakana, akaiweka chini, akarudi. Gari lilikuwa halina betri wala fyuzi, ni bati na viti tu, na kitaa cha chaja kilikuwa kinamwangalia. Ila sasa aligundua kwamba hakikuwaka kwa kutulia. Kilikuwa kinafifia na kukolea, kinafifia na kukolea.

Alipitisha mkono chini ya usukani akaushika waya. Ulikuwa wa moto, moto wa mwili, na ulikuwa unadunda.

Alirudi ndani mbio. Mke wake alikuwa bado amelala, blanketi mpaka kidevuni, midomo imepauka. Fundi akamshika kiwiko, akateremka mpaka kifundo cha mkono, akautafuta mshipa. Kutoka dirishani aliweza kukiona kitaa kupitia kioo cha gari. Kilikolea mshipa ulipopiga. Kilififia ulipoachia. Alisimama pale muda mrefu akisubiri viachane, na havikuachana, na ndipo Fundi Cheche, aliyejua kila kinachonyonya betri ya gari, alipoelewa kwamba betri haishuki kwa sababu anayeshuka ni mke wake.

Wazo la kwanza lilikuwa kuung'oa waya. Alikwenda akauvuta mara moja tu, na kutoka chumbani akasikia kishindo. Alimkuta mke wake sakafuni, macho yamegeuka meupe. Ilichukua muda kabla hajapumua vizuri. Fundi hakuugusa waya tena. Alimwomba jirani akae na mgonjwa, akaenda kwa mganga.

Mganga mwenyewe alikuwa mteja wake, mwanamke wa makamo mwenye miwani minene, aliyelalamikia mgongo kuliko wagonjwa wake wote. Alikuwa na gari dogo la mizigo, na kishikio cha simu kilichokuwamo alikifunga Cheche. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kutikisa kichwa. Kisha akauliza chaja ile imeungwa wapi. Fundi akainamisha uso, akamwambia.

"Wewe ndiye uliyenifundisha," alisema mganga. "Ulinikanya kwamba kitu kisicho na pa kuzimiwa mwisho wake ni balaa. Wenzetu hawa wasioonekana hawavunji milango, fundi. Hutafuta palipo wazi saa zote. Ninyi mmeacha wazi waya, na mmeacha wazi neno. Jini limeingia hapo katikati."

Fundi aliuliza kama kuna chochote cha mwanawe mle ndani, hata kidogo. Mganga alivua miwani akaifuta, na aliifuta kwa muda mrefu kuliko uchafu wenyewe ulivyohitaji. Alisema hakuna. Jini lile limejifunza sauti kutoka kwenye masikio ya mama. Linaanza sentensi ile kwa sababu mama anaijua, na haliwezi kuimaliza kwa sababu mama haijui. Litamwekea neno moja moja mbele yake mpaka amalizike.

Namna ya kulitoa ilikuwa moja, na ilikuwa ya kikatili. Limeingia kwenye neno lililokatika, kwa hiyo litatoka kwenye neno lililokatika. Waya ukatwe wakati linazungumza, na ukatwe na mkono uliouunga. Likikatwa likiwa kimya utakuwa umekata waya tu, na roho ya mgonjwa itaufuata waya. Ni lazima, alisema mganga, ulikate jini katikati ya usemi, kama simu ilivyomkata Chiriku, na ni lazima usitamani kusikia kinachofuata. Fundi alisema ataweza. Alisema hivyo haraka mno, na mganga akamtazama.

Walifika nyumbani alasiri mawingu yakiwa yamejaa. Fundi alijiandaa kwa ugomvi, lakini mke wake alisikia wanachotaka kufanya akaomba apewe muda wa kubadili nguo. Alitoka amevaa gauni lake pana la kushonea, lenye mifuko, akatembea mwenyewe hadi garini akishika ukuta, akaketi kiti cha abiria. Fundi akaingia upande wa usukani, akainama, akausogeza waya ule uliofungwa tepu nyeusi katikati ya meno ya koleo. Mganga alibaki nje, kiganja juu ya boneti, akisoma kwa sauti ya chini. Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye bati.

Jini halikuchelewa. Vioo vikafunga ukungu kuanzia pembeni kuja katikati, baridi ikapanda kutoka sakafuni mpaka magotini, harufu ya lami iliyolowa ikawajaa puani pamoja na kitu kingine cha chini yake, kitu cha chuma na udongo ambacho fundi alikinusa mara moja tu maishani mwake, siku aliyoitwa kumtambua mtu, na mlio ukaanza ndani ya dashibodi isiyo na betri, tik, tak, tik, tak, taratibu kwanza, kisha sambamba na moyo wake, mpaka hakuweza kujua kipi kinamfuata mwenzake. Mke wake alikuwa ametazama mbele. Simu ikawaka mwanga hafifu wa bluu, na mikono miwili ya kishikio ikaibana, ikalegea, ikaibana, kama kifua cha mtu aliyetoka kukimbia.

"Baba," sauti ilisema. "Uko hapo, baba?"

Haikuwahi kumwita yeye. Katika siku zote zile haikuwahi kumwita. Koleo likawa zito mkononi.

"Baba, kuhusu ile chaja... mimi sikukukasirikia."

Kata, alijiambia. Mganga alikuwa anagonga boneti kwa nje, anagonga kwa nguvu, na fundi alisikia kugonga kule kwa mbali, kwani hapakuwa na neno lolote duniani alilolitaka zaidi ya hilo na lile ambalo lingefuata. Alikuwa amelitaka kila asubuhi alipofungua macho, alikuwa amelitaka chini ya kila gari alilolala chini yake tangu siku ile, na sasa linakuja kwa sauti yenyewe, lina mkwaruzo uleule wa mtu aliyeongea kutwa, na akilikata sasa atakuwa amelikata kwa mkono wake, mara ya pili, kwa hiyo angoje kidogo, angoje neno moja tu, halafu atakata, hakika atakata, neno moja tu.

"Nilitaka kukuambia, baba," ilisema sauti, "nilitaka kukuambia kwamba..."

Mkono mwembamba ulipita juu ya wake, umeshika mkasi. Ulikuwa mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, mkasi wa Chiriku. Ulifumba kwenye tepu nyeusi mara moja, waya ukakatika.

Kilio kilichotoka hakikuwa cha msichana wala cha mtu. Kilipita kwenye viti, kwenye milango, kikatikisa gari zima mpaka mganga akaondoa mkono kwenye boneti akaupuliza kama aliyeungua. Kisha ikabaki mvua, mvua ya kweli, juu ya bati. Kitaa chekundu kilikuwa kimezima. Mke wa fundi alikuwa amelegea kitini lakini anapumua, pumzi ndefu za mtu aliyeibuka kutoka majini, na alipoguswa mkono ulikuwa na joto. Mganga alichungulia, akaangalia mkasi, akaangalia tepu. Akasema kwamba mkono uliofunga kiungo nao ni mkono. Fundi akatoka akaenda kuileta betri, akaifunga, akarudisha fyuzi, akazungusha ufunguo. Alipata mlio mmoja tu, tk. Betri ilikuwa imekufa, namna ilivyopaswa kuwa imekufa kitambo.

Mganga alipoondoka walibaki wawili hao mle garini, wakisubiri mvua ipungue. Fundi hakuweza kumtazama mwenzake. Alisema alitaka kukata. Alisema mkono ulimkatalia.

"Najua," alisema mke wake. "Mimi nilijua si yeye. Tangu siku ya kwanza nilijua."

Fundi aligeuka.

"Chiriku hajawahi kunisubirisha," alisema. "Angekuwa ni yeye, angeshasema siku ileile, na angeongeza na mengine ambayo sikumuuliza."

"Sasa kwa nini ulikaa nalo?"

"Lilikuwa na sauti yake."

Mke wake alikuwa anaufuta mkasi kwa upindo wa gauni, ingawa haukuwa na uchafu. Baadaye alisema, kwa sauti ileile, kwamba yeye alikuwa tayari kwenda nalo mpaka mwisho, lakini alipolisikia linamwita baba alijiuliza nyumba ile itabaki na nani.

Alipona polepole. Uzi ulitoka kwenye pete. Sare zilizolala juu ya cherehani alizimalizia mwenyewe, mashine ikinguruma na yeye bila neno, na wenye sare walipokuja kuchukua hawakujua pa kuweka macho. Simu waliizika pembeni ya kaburi. Chaja na waya wake fundi aliviunguza mpaka vikawa tone jeusi. Kilichobaki ni kishikio tu, kwa sababu gundi yake ilikuwa imeng'ang'ania dashibodi na ilihitaji kupashwa moto kidogo na kubanduliwa kwa kisu, kazi ndogo kwa fundi, kazi ya kabla ya chai.

Asubuhi moja, betri mpya ikiwa imeshafungwa, aliingia garini kwenda kwa mteja. Kabla ya kuwasha, bila kufikiri, alinyoosha mkono akakishika kishikio kile kitupu. Usiku ulikuwa wa baridi, usukani ulikuwa wa baridi, kiti kilikuwa cha baridi. Kishikio kilikuwa na joto. Halikuwa joto la jua wala la umeme, aliyajua yote mawili. Lilikuwa joto linalobaki kwenye mpini wa kikombe mtu akikiweka chini sasa hivi. Hakuogopa. Hilo ndilo lililopaswa kumtisha, na alilijua, lakini aliacha kiganja chake hapo, na mikono miwili ya kishikio ikakibana kidogo sana.

Alipoinua macho mke wake alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, anamtazama. Aliuliza kile kidude kitabanduliwa lini.

"Kesho," alisema fundi.

Wote wawili walilisikia neno lile likipita kati yao, na hakuna aliyelirudisha. Mke wake akatembea taratibu mpaka kwenye gari, akampa chai kupitia dirishani, kisha akazunguka upande wa pili, akafungua mlango, akaketi.